Gemu za dunia wazi na muziki wa hevi metali: Tujue kilichomo kabla ya kutoa hukumu



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake.

Mwezi Novemba 2025 kampuni ya Rockstar Games ya Marekani ilitangaza kuwa gemu yake mpya, Grand Theft Auto VI, imesogezwa mbele hadi tarehe 19 Novemba 2026. Habari hiyo ilifika hapa Rau siku hiyo hiyo. Vijana wa darasa langu la madrasa walikuwa barazani wakisubiri adhana ya Maghrib, na mazungumzo yao yalikuwa ni hayo tu. Mmoja alisikitika kama mtu ambaye timu yake imefungwa dakika ya mwisho. Mzee mmoja aliyekuwa akitawadha akauliza, "Hiyo GTA ndiyo kitu gani?" Mzee mwenzake akamjibu, "Ni ushetani wa wazungu." Kijana mmoja akanong'ona, "Ni gemu tu, babu."

Majibu hayo mawili ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala hii. Aliyesema ni ushetani hajawahi kuiona gemu hiyo. Aliyesema ni gemu tu ameicheza miaka mingi lakini hajawahi kujiuliza imembadilisha nini. Katika Suratul Israa, aya ya 36, Allah (SW) anatukataza kufuata jambo tusilokuwa na elimu nalo, na anatuhadharisha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Tumezoea kuisoma aya hii kwa kumlenga kijana anayetazama na kusikiliza ovyo. Lakini inamgusa pia mzee anayehukumu asichokijua.

Basi tujadili mambo mawili ambayo watoto wetu wa mjini wanayo mikononi na masikioni: gemu za dunia wazi na muziki wa hevi metali. Nimeyaweka pamoja kwa sababu, kama tutakavyoona, mara nyingi yameingia nyumbani kwa mlango mmoja.

Gemu ya dunia wazi ni nini?

Gemu za zamani zilimpeleka mchezaji hatua kwa hatua. Akimaliza ya kwanza anafunguliwa ya pili. Gemu ya dunia wazi haimfungi hivyo. Anapewa mji mzima, au nchi nzima, wenye barabara, maduka, watu, mvua na usiku, naye anakwenda atakako na kufanya atakalo. Ndiyo maana inavuta sana. Mtoto asiye na ruhusa ya kuvuka barabara kuu ya Moshi anakuwa na mji wake.

Iliyojulikana zaidi hapa kwetu ni Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Mji wake wa Los Santos umeigizwa Los Angeles, na mhusika wake mkuu, CJ, anajulikana na vijana wengi wa Tanzania kuliko baadhi ya viongozi wetu. Ilitangulia Vice City ya mwaka 2002, iliyoigizwa Miami ya miaka ya 1980. Mwaka 2013 ikaja Grand Theft Auto V, ambayo imekwishauza zaidi ya nakala milioni 200 duniani. Mwaka huo huo San Andreas iliwekwa kwenye simu, kwa hiyo kibanda cha gemu kikahamia mfukoni.

Ndani yake kuna nini? Jina lenyewe lina maana ya wizi wa magari. Mchezaji anaiba gari, anapiga watu, anauza madawa, anachukua makahaba, na akikamatwa na polisi anapoteza silaha na fedha kidogo kisha anaendelea. Julai 2005 bodi ya Marekani inayopanga madaraja ya umri iliipandisha San Andreas hadi daraja la watu wazima peke yao, baada ya kugundulika kipande cha uchafu wa zinaa kilichokuwa kimefichwa ndani ya programu. Hao ni Wamarekani wenyewe, wasiosoma Qur'an, waliosema kitu hiki si cha watoto. Hapa kwetu kilikuwa kikichezwa na watoto wa darasa la nne.

Hata hivyo, si gemu zote za dunia wazi ziko hivyo. Ipo Minecraft ya mwaka 2011, ambayo kazi kubwa ya mchezaji ni kuchimba na kujenga. Oktoba 2023 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa Assassin's Creed Mirage, na mji wake ni Baghdad ya karne ya tisa, zama za Bani Abbas. Ndani yake mchezaji anapita sokoni, anasikia adhana na anaiona Baytul Hikma. Kuna pia sehemu ya historia iliyoandaliwa kwa kushirikiana na taasisi kama Institut du Monde Arabe ya Paris. Kijana mmoja wa hapa Rau aliwahi kuniuliza kuhusu Banu Musa, ndugu watatu waliokuwa mabingwa wa hisabati na mitambo Baghdad. Nilipomuuliza amewajulia wapi, alisema kwenye gemu. Lakini gemu hiyo hiyo inamfanya mchezaji awe muuaji wa siri anayechinja watu kwa kuvizia. Kheri na shari zimefungwa kwenye furushi moja, na ni lazima mtu awepo wa kulifungua na kuchambua.

Hevi metali ni nini?

Muziki huu ulianzia Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Kundi la Black Sabbath lilitoa albamu yake ya kwanza Februari 13, 1970. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na umri wa miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akawa analegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize. Mlio uliotoka ukawa mzito na wa kutisha, na huo ndio ukawa mlio wa hevi metali. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, alifariki Julai 22, 2025, siku 17 baada ya onesho lake la mwisho katika mji huo huo wa Birmingham.

Nalieleza hili kwa sababu wengi hudhani muziki huu ulibuniwa katika ibada ya shetani. Ulianza na watoto wa wafanyakazi wa viwandani, waliokuwa wakiimba kuhusu vita, wazimu, kifo na maisha magumu. Baadaye soko likagundua kuwa kutisha kunauza. Mafuvu, misalaba iliyogeuzwa na majina ya mashetani yakawa alama ya biashara. Kundi la Slayer lilijaa alama hizo, na mwimbaji wake, Tom Araya, mwenyewe ni Mkatoliki.

Lakini wapo waliofika mbali zaidi ya biashara. Huko Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa tawi moja la muziki huu walichoma makanisa, na mwaka 1994 mahakama ilimtia hatiani mwanamuziki mmoja kwa mauaji na uchomaji huo. Muislamu asilifurahie hili kwa kuwa yalikuwa makanisa. Suratul Hajj, aya ya 40, inazitaja nyumba za ibada za watawa, za Wakristo na za Mayahudi pamoja na misikiti kuwa ni mahali linapotajwa jina la Allah na panapostahiki kuhifadhiwa. Sisi wa Moshi, tunaoishi ukuta kwa ukuta na majirani Wakristo, tunapaswa kulielewa hilo kuliko wengine.

Na matoleo mapya? Aprili 2025 kundi la Ghost la Sweden lilitoa albamu iitwayo Skeletá. Kiongozi wake hupanda jukwaani amevaa mavazi ya kumkejeli Papa. Mwezi uliofuata kundi la Sleep Token la Uingereza likatoa Even in Arcadia. Waimbaji wake huficha nyuso, na hadithi yao yote ni ya kumwabudu mungu wa kubuni anayeitwa Usingizi, kiasi kwamba maonesho yao wanayaita ibada. Albamu zote mbili zilishika namba moja Marekani zilipoingia sokoni.

Upande mwingine lipo kundi la Voice of Baceprot la Indonesia. Ni wasichana watatu wa Kiislamu kutoka Garut, Java Magharibi, waliokutana shuleni na wanaopiga metali wakiwa wamevaa hijabu. Albamu yao ya Retas ilitoka mwaka 2023, na Juni 2024 walipanda jukwaa la tamasha kubwa la Glastonbury, Uingereza. Katika nyimbo zao huzungumzia mazingira, amani na haki ya msichana kusikilizwa. Siwatolei mfano wa kuigwa, maana suala la wasichana kupanda majukwaa hayo lina mjadala wake. Nawataja ili tuone kuwa mlio mmoja unaweza kubeba ujumbe uliotofautiana kama mchana na usiku.

Kwa jirani zetu Nairobi, safari ya basi ya siku moja kutoka Moshi, muziki huu una wenyewe kwa miaka mingi sasa. Kundi la Duma lilitoa albamu mwaka 2020 kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na mmoja wao, anayejiita Lord Spikeheart, akatoa ya peke yake, The Adept, mwaka 2024. Kwa hiyo yeyote anayedhani jambo hili liko Ulaya tu, limekwishafika mlangoni.

Limeingiaje Rau?

Redio zetu hazipigi hevi metali. Limeingia kwa njia tatu.

Ya kwanza ni mitumba. Nenda Memorial au Kiboriloni siku ya kufunguliwa marobota. Utaziona fulana nyeusi za Iron Maiden, Metallica na Slayer, zenye mafuvu na moto. Muuzaji hajui ni nini, mnunuzi hajui ni nini. Wote wanajua kuwa pamba yake ni nzuri na bei imeshuka.

Ya pili ni gemu zenyewe. Katika Vice City, mchezaji akishaiba gari, redio ya gari inafunguka yenyewe, na mojawapo ya stesheni zake, V-Rock, ilipiga Iron Maiden, Judas Priest, Slayer, Megadeth na huyo huyo Ozzy. Kijana wa Rau aliyesikia hevi metali kwa mara ya kwanza, aghlabu aliisikia akiwa ndani ya gari la wizi la kwenye kioo. Hapa ndipo mambo haya mawili yalipokutana, ndani ya diski moja, wakati baba anajua tu kwamba mtoto yuko kwenye gemu.

Ya tatu ni simu, ambayo haina haja ya kuelezwa.

Wanazuoni wamesema nini?

Mimi si mufti, na hukumu za halali na haramu zina wenyewe. Nitaeleza kwa ufupi yaliyo mashuhuri, ili msomaji apate pa kuanzia anapomwendea sheikh wake.

Kuhusu michezo, Uislamu haukuja kuifuta furaha. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki ndani ya Msikiti wa Mtume (SAW) siku ya Idi, na Bi Aisha (RA) akawatazama akiwa nyuma ya Mtume. Abu Daud amepokea kuwa Mtume (SAW) alishindana mbio na Bi Aisha, na kwamba alipoona miongoni mwa wanasesere wake farasi mwenye mabawa alicheka. Farasi mwenye mabawa ni kitu cha kubuni, na Mtume hakumkemea binti yule kwa kubuni. Kwa upande mwingine, katika Sahihi Muslim yamo makemeo makali juu ya mchezo wa dadu uitwao nardashir. Na Imamu Shafii, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, aliuona mchezo wa sataranji kuwa ni makuruhu. Kwa hiyo michezo haiko daraja moja.

Kuhusu muziki, jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne wameharamisha ala za nyuzi na za kupuliza. Hoja zao ni pamoja na hadithi ya Bukhari inayowataja watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Hoja nyingine ni tafsiri ya Ibn Mas'ud (RA) ya aya ya 6 ya Suratu Luqman, kuwa maneno ya upuuzi yaliyotajwa humo ni nyimbo. Wapo waliohitilafiana nao. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliziona hadithi za uharamu kuwa ni dhaifu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwa urefu katika Ihya kwamba hukumu inategemea maneno yaliyomo, hali ya msikilizaji na kinachoamshwa moyoni. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake cha halali na haramu cha mwaka 1960, aliruhusu kwa masharti.

Na sisi Waswahili mjadala huu si mgeni kwetu. Tangu zama za Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, taarabu iliingia kasri la sultani Muislamu, na mpaka leo hatujamaliza kubishana kuhusu taarabu, wala kuhusu kasida zinazopigiwa kinanda. Basi tusijifanye kuwa hevi metali ndiyo iliyotuletea fitna ya muziki.

Mizani tano za kupimia

Katika darasa langu nimekuwa nikiwafundisha vijana kupima kila gemu na kila albamu kwa maswali matano. Haya si badala ya fatwa. Ni ya kumsaidia kijana aliye peke yake na simu saa nne usiku, wakati sheikh amelala.

Kwanza, akida. Je, ndani yake kuna kumwabudu asiyekuwa Allah au kuifanyia dini kejeli? Suratun Nisaa, aya ya 140, inatukataza kukaa na watu wanaozikejeli aya za Allah mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Hapa hakuna haja ya kurefusha. Kundi lenye ibada ya mungu wa kubuni halimfai mtoto wa Kiislamu, hata kama gitaa lake linapendeza. Wala tusishangilie akikejeliwa Papa, kwani mlango ule ule ndio anaokejeliwa nao Mtume wetu.

Pili, matendo. Katika filamu unamtazama mwizi. Katika gemu ya dunia wazi mwizi ni wewe, na kidole kilichobonyeza ni chako. Sisemi kwamba kila anayecheza GTA atakuwa jambazi. Wangekuwa hivyo, dunia yenye nakala milioni 200 ingekwisha. Nasema moyo huzoea. Muulize kijana aliyeicheza miaka mitano kama bado anashtuka akiona mwanamke anapigwa kwenye kioo.

Tatu, wakati. Gemu hizi zimetengenezwa zisiwe na mwisho unaoonekana. Kazi moja ikikwisha nyingine inang'aa kwenye ramani. Allah (SW) ameapa kwa wakati katika Suratul Asr, na Mtume (SAW) ameeleza kuwa afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake. Dalili ni nyepesi: adhana ikiadhiniwa, anaweka chini au anasema "nimalizie hii"?

Nne, fedha na kamari. Hili wazazi wengi hawalijui. Julai 2019 ndani ya GTA ya mtandaoni lilifunguliwa kasino, na fedha za humo zinaweza kununuliwa kwa fedha halisi. Hata gemu za mpira, ambazo tunaziona salama, zimekuwa na pakiti za bahati nasibu ambazo mtoto hulipia bila kujua atapata mchezaji gani. Mwaka 2018 Ubelgiji ilizihesabu pakiti za namna hiyo kuwa kamari, na kuanzia Januari 2019 kampuni ya Electronic Arts ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti za gemu yake ya FIFA. Suratul Maida, aya ya 90, iko wazi kuhusu kamari. Hapa Muislamu alipaswa kuwa wa mbele, si kuwasubiri Wabelgiji.

Tano, athari. Baada ya saa moja ya kitu hicho, mtoto anatoka akiwa vipi? Ana hamu ya kujua, kama yule aliyeniuliza kuhusu Banu Musa? Au ana hasira, anamjibu mama yake kwa mkato na hataki kula na wenzake?

Tukisema kwa adabu tunasikika

Wapo wanaosema hatuna la kufanya, hawa ni wakubwa wa dunia. Si kweli. Oktoba 2008 kampuni ya Sony iliichelewesha dunia nzima gemu yake ya LittleBigPlanet, kwa kuwa wimbo mmoja uliotumika humo ulikuwa na maneno ya Qur'an. Jambo la kuzingatia ni kuwa wimbo huo ulikuwa wa Toumani Diabaté wa Mali, Muislamu, ambaye kwao kuimba kwa maneno hayo ni namna ya kuyatukuza. Novemba 2021, katika gemu ya vita ya Call of Duty: Vanguard, zilionekana kurasa za Qur'an zimetapakaa chini sakafuni zikiwa na damu. Waislamu wakalalamika, na kampuni ya Activision ikaomba radhi na kuziondoa. Waliofanikisha hayo ni wachezaji waliokuwa wakijua kilichomo. Mzee asiyejua hata jina la gemu asingeweza kuandika barua ile.

Na mambo yamebadilika zaidi. Septemba 2025 yalitangazwa makubaliano ya Mfuko wa Uwekezaji wa Saudi Arabia na washirika wake kuinunua Electronic Arts kwa dola bilioni 55. Ikiwa fedha za nchi ya Makka na Madina zinaingia katika biashara hii, basi swali la Waislamu kuwa na kauli ndani yake halikwepeki.

Fulana nyeusi msikitini

Niseme jambo moja lililotokea hapa Moshi. Kijana wa miaka 15 alikuja kuswali Alasiri msikitini, amevaa fulana ya Iron Maiden yenye picha ya maiti aliyefufuka. Aliyekuwa nyuma yake akamvuta kutoka katika safu na kumwambia kwa sauti aende akamwabudu shetani wake huko huko. Kijana akatoka. Fulana ile mama yake aliinunua mtumbani, na mwenyewe alidhani ni picha ya filamu. Kwa muda wa miezi miwili hakuonekana msikitini wala madrasa. Jioni hizo alikuwa kwenye kibanda cha gemu, ambako hakuna aliyemuuliza kuhusu fulana.

Ni kweli kwamba kuswali na nguo yenye picha ya kushughulisha hakufai. Imepokewa katika Bukhari kuwa Mtume (SAW) alimtaka Bi Aisha aliondoe pazia lenye picha kwa kuwa lilimshughulisha katika swala. Lakini angalia njia aliyoitumia: alieleza sababu, na pazia likaondolewa. Na alipokuja bedui akakojoa ndani ya msikiti, masahaba walipotaka kumkamia aliwazuia, akaamrisha pamwagwe ndoo ya maji, kisha akamfundisha. Kama aliyekojoa msikitini alifundishwa kwa upole, aliyevaa fulana ya mtumba alistahiki nini? Angeazimwa kanzu, au angeambiwa aigeuze fulana ndani nje, akaswali, kisha akaelezwa.

Nilimfuata nyumbani kwao, tukazungumza na mama yake. Sasa anakuja Jumamosi, si kila siku. Alhamdulillah kwa hicho kidogo, lakini hakuna aliyeturudishia miezi ile.

Tufanye nini?

Mzazi, keti na mwanao nusu saa na umwombe akuoneshe anachocheza. Usikemee siku hiyo. Uliza. Tazama alama ya umri: herufi M ya Marekani ni kuanzia miaka 17, na namba 18 ya Ulaya inajieleza. Diski za kunakili za mitaani hazina alama hizo, basi uliza jina.

Mwenye kibanda cha gemu, wengi wenu ni vijana wetu wenyewe. Zimeni mashine wakati wa swala, msipokee watoto saa za shule, na gemu za watu wazima msiwape wadogo. Riziki haitapungua kwa hilo, insha-Allah.

Walimu wa madrasa, tusishindane na gemu kwa bakora. Tuna msitu wa Rau hatua chache kutoka majumbani, una miti mikubwa, chemchemi na nyani. Watoto wengi wa mjini hapa wanaijua ramani ya Los Santos kuliko njia za msitu huo. Wapelekeni Jumamosi, wasome huko aya za kutafakari viumbe vya Allah. Na kijana mwenye kipaji cha mashine apelekwe akajifunze kuandika programu, ili kesho awe mtengenezaji badala ya mteja.

Viongozi wa misikiti, hotuba ya kulaani ni rahisi kuandaa. Iandaeni ile ngumu, inayotaja jina la kitu, inayoeleza kilichomo na inayompa kijana la kufanya. Suratut Tahrim, aya ya 6, imetuamrisha kuzikinga nafsi zetu na ahali zetu na Moto, na hatuwezi kumkinga mtu na kitu tusichokijua.

Tunamuomba Allah (SW) atuoneshe haki tuijue na atuwezeshe kuifuata, atuoneshe batili na atuepushe nayo, na awahifadhi watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.